Radi Iliyoua Timu Mbili

Chumba cha mbele cha nyumba ile kilikuwa na mafundi wawili. Upande wa dirishani ilikaa cherehani. Upande wa mlangoni zilining'inia baiskeli. Mke alishona nguo, mume alitengeneza baiskeli, na kila asubuhi waligombana jambo lilelile.

"Baba Nyuki, grisi yako hii!" mke alilalamika. "Shati la shule, jeupe, tazama!"

"Na mimi nimekuta pini kwenye tairi la mteja," mume alijibu. "Sasa nani kamwonea mwenzake?"

Mke aliitwa Mama Cherehani. Mume alikuwa mrefu na mwembamba kama waya, basi watu wakamwita Spoki. Walikuwa na binti mmoja. Tangu alipoanza kutembea hakuwahi kutulia mahali, ndiyo maana akaitwa Nyuki.

Asubuhi moja mtu alibisha hodi. Alikuwa jirani mpya wa nyumba ya mbele, mwanamke wa makamo, muuguzi wa chumba cha dharura katika hospitali. Mtaa mzima ulimwita Sista. Alikuwa amekumbatia jora la kitambaa cha njano.

"Karibu, jirani," alisema Mama Cherehani. "Nguo ya sherehe?"

"Jezi," Sista alijibu, akaliweka jora mezani. "Nafundisha timu ya wasichana jioni nikiwa sina zamu. Kifuani nataka uchore sindano na uzi. Ndilo jina la timu. Sindano."

Mkasi ulimponyoka Mama Cherehani, ukaanguka sakafuni.

"Timu gani?"

"Sindano. Zamani palikuwa na klabu ya wanawake hapa, ilikuwa na jina hilo. Tumeamua kuifufua." Sista hakuona uso wa mwenzake ulivyobadilika. Alikuwa anakunjua kitambaa. "Namba saba usiishone ndefu. Mvaaji unamjua vipimo vyake. Ni binti yako."

Mlango wa ndani ulikuwa wazi. Nyuki alisimama pale na mswaki mdomoni. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Binti yangu?" Mama Cherehani alimtazama mwanawe, kisha akamtazama mumewe. Spoki aliinama ghafla kuangalia mnyororo ambao haukuwa na tatizo lolote. "Na wewe ulijua!"

"Mtoto ana mguu mzuri," Spoki alisema polepole. "Karithi kwa mama yake."

Mama Cherehani alikusanya kitambaa chote, akamrudishia Sista.

"Samahani, jirani. Jezi hizo sitazishona. Na mwanangu hatacheza. Uwanja ule ulishakula mtu."

Mwingine angenuna akaondoka. Sista aliliweka jora chini, akavuta kigoda, akaketi.

"Mimi ni mgeni hapa," alisema. "Sijui yaliyopita. Kama nimekanyaga kidonda cha mtu, niambie ni kidonda gani."

Mama Cherehani aliuokota mkasi wake. Miaka mingi hakuwa amelizungumza jambo hilo. Hata bintiye hakuwahi kumsimulia. Lakini jina lile lilikuwa limeshaingia ndani ya nyumba, na halikutaka kutoka.

Akaanza kusimulia.

Klabu ya Sindano ilizaliwa kwenye kiwanda cha mashati. Mama Cherehani alikuwa bado msichana, hajaolewa. Mchana, wakati wa mapumziko, wanaume walicheza mpira uani. Wanawake walikaa ukutani wakila mikate yao. Siku moja mpira ulipaa ukaja upande wao. Msichana mmoja aliunyaka kwa mkono mmoja, kama mtu anayechuma tunda. Mkono wa pili ulikuwa na mkate, na mkate haukudondoka.

Wanaume walicheka. "Turudishie mpira, wewe!"

"Njooni muuchukue," msichana akajibu.

Walijaribu kumnyang'anya, hawakuweza. Tangu siku hiyo akaitwa Sumaku. Mpira ukimfikia, unanasa.

Wiki hiyohiyo wasichana walishona mpira wao wenyewe kwa mabaki ya vitambaa. Walicheza kwa viatu vya kazini, wengine pekupeku. Msimamizi aliwakataza. Wakaenda kucheza kwenye uwanja wa shule, jioni, baada ya kazi. Sumaku akawa golikipa. Mama Cherehani akawa beki na nahodha. Wakati huo aliitwa Ukuta.

Wanawake wa sokoni waliposikia, nao wakaunda timu yao. Wakaiita Mizani. Nahodha wao alikuwa muuza viazi mwenye mabega mapana. Alikuwa akikukimbilia unasikia ardhi inatetemeka. Huyo aliitwa Tingatinga.

"Mechi ya kwanza watu walikuja kutucheka," alisema Mama Cherehani. "Mechi ya pili walikuja kutazama. Baada ya hapo walikuwa wanagombea mahali pa kukaa. Na Tingatinga, tukimaliza kuumizana uwanjani, tunakwenda kwake kunywa chai. Tulikuwa kama ndugu."

Nyuki alikuwa amekaa sakafuni, mswaki bado mkononi, mdomo wazi. Mama yake, huyu mama wa "usikimbie ndani ya nyumba", alikuwa nahodha?

"Siku ile tulikuwa tumefungana bao moja kwa moja," mama aliendelea. "Wingu lilikuwa mbali, nyuma ya bomba la moshi la kiwanda. Ngurumo ilisikika. Refa alitazama juu, akaona hakuna mvua, akaacha mpira uendelee. Hata tone moja halikuwa limedondoka. Kisha dunia ikawa nyeupe. Sikusikia hata mlio. Nilijikuta chini, nyasi mdomoni. Wote tulikuwa chini. Tukaanza kuinuka mmojammoja. Sumaku hakuinuka."

"Alikuwa golini?" Sista aliuliza.

"Golini. Tingatinga ndiye aliyekuwa karibu naye. Aliinama, akanyoosha mkono. Watu wakapiga kelele: 'Usimguse! Bado ana umeme! Utakufa na wewe!' Tingatinga akarudisha mkono. Tukasimama tukamzunguka. Tukalia, tukaomba. Gari lilipopatikana, alikuwa ameshakuwa wa baridi."

Baada ya maziko yakaja maneno. Kuna waliosema jina la Sumaku ndilo lililovuta radi. Wengi walisema ni mkono wa mtu. Watu wa Sindano waliamini watu wa Mizani wamekwenda kwa mganga. Kiwanda kikapiga marufuku mpira wa wanawake. Mizani nao wakakosa wa kucheza naye, wakasambaratika. Radi moja iliua timu mbili.

"Tingatinga yuko palepale sokoni," alimaliza Mama Cherehani. "Mimi viazi nanunua kwingine. Hatujasalimiana tangu siku ile."

Uso wa Sista ulikuwa umekunjamana, si kwa hasira. Aliuliza swali moja tu.

"Kuanzia alipoanguka mpaka gari lilipofika, nani alimgusa?"

"Hakuna. Si nimekwambia?"

"Hakuna hata mmoja?"

"Jirani, angekuwa na umeme mwilini!"

Sista alifikicha macho. Alivuta pumzi.

"Mama Cherehani, nina jambo la kusema, na jambo lenyewe ni zito. Nikilisema litakuumiza. Nikilinyamazia, kuna mtu mwingine atakufa kama alivyokufa Sumaku."

"Sema."

"Mtu aliyepigwa na radi hana umeme. Radi hupita mwilini na kuondoka, kufumba na kufumbua. Binadamu si betri, hawezi kuuhifadhi. Unaweza kumgusa palepale. Tena unatakiwa umguse upesi, kwa sababu mara nyingi kilichotokea ni kwamba moyo umesimama na pumzi imekatika. Ukimkandamiza kifua na kumpulizia pumzi bila kuchelewa, wengi wanarudi."

Gurudumu moja lililoning'inia lilisikika likizunguka.

"Wanarudi wapi?" Mama Cherehani aliuliza. Alikuwa ameelewa, lakini moyo wake ulikataa.

"Wanarudi kuwa hai."

Mama Cherehani alisimama. Akakaa. Akasimama tena. Akaishika meza kama mtu anayezama.

"Unataka kuniambia tulisimama pale..." Hakumaliza. "Tulisimama pale tukimtazama, na angeweza kupona?"

"Sijui kama angepona. Hakuna anayejua. Lakini nafasi ilikuwepo. Nyinyi hamkujua, na mtu hawezi kutumia dawa asiyoijua."

Machozi yalimtoka Mama Cherehani bila sauti. Spoki aliacha koleo, akaja kusimama nyuma ya mkewe. Alikuwa mtu wa mzaha, na asipojua la kusema alisema lolote.

"Ah, Sista, siku ya mtu ikifika imefika. Radi iliyoandikiwa wewe itakufuata hata uvunguni."

"Shemeji," Sista alisema, "mteja akikuletea baiskeli isiyo na breki, unamwambia imeandikiwa kugonga?"

Spoki aliliokota koleo lake.

"Radi hupiga kilicho juu na kilicho peke yake mahali peupe," Sista aliendelea. "Uwanja wa mpira ni mahali peupe. Mchezaji ndiye aliye juu. Haihitaji mganga hiyo. Na haingoji mvua. Ukisikia ngurumo tu, hata kwa mbali, ujue radi inaweza kukufikia. Mpira unasimama. Watu wote wanaingia ndani ya jengo imara, au ndani ya gari lililofungwa. Si chini ya mti, si kwenye kibanda kilicho wazi. Na hawatoki mpaka ipite nusu saa tangu ngurumo ya mwisho."

"Nusu saa!" Spoki alisema. "Hata mvua ikiwa imekatika?"

"Hata jua likiwa limewaka."

Siku iliyofuata Mama Cherehani alikwenda sokoni. Usiku hakuwa amelala sana. Alipita mboga, akapita vitunguu, akasimama mbele ya meza ya viazi.

Tingatinga alikuwa na mvi sasa, lakini mabega yalikuwa yaleyale. Alimtazama mgeni wake toka juu mpaka chini.

"Umekuja kununua viazi au kununua ugomvi?"

"Nimekuja na neno."

"Miaka yote hii ulikuwa bubu. Leo neno umeliokota wapi?"

"Kwa muuguzi. Nisikilize tu, kisha unifukuze ukitaka. Radi ile haikutumwa na mtu. Sisi tuliamini nyinyi mmetufanyia. Ilikuwa radi tu."

Tingatinga aliweka mikono kiunoni. Macho yalimtoka pima.

"Sisi? Sisi tumewafanyia nyinyi? Mbona sisi tulijua ni nyinyi! Tuliambiwa mmezika kitu golini mtushinde, kikawageuka wenyewe!"

Wakatazamana. Kumbe kila upande ulikuwa na mchawi wake, na mchawi mwenyewe hayupo. Arusi wamenyimana, misiba hawakuzikana, kwa ajili ya kitu ambacho hakikuwepo.

"Toba!" Tingatinga alisema, akapiga makofi mara moja. "Tumekuwa wajinga kiasi hiki?"

Kicheko kilimponyoka. Mama Cherehani naye akacheka. Lakini alikuwa hajamaliza, na lililobaki ndilo lilikuwa na ncha. Akamwambia habari ya kumgusa.

Tingatinga alikoma kucheka. Aliunyanyua mkono wake wa kulia, akautazama.

"Ulikuwa umeshafika," alisema kwa sauti ndogo. "Mkono wangu. Ulikuwa umebaki hivi tu." Alionyesha upana wa kiganja. "Nikaurudisha."

Akakaa juu ya gunia. Mteja mmoja alikuja akauliza viazi.

"Leo siuzi," Tingatinga alijibu bila kumtazama.

Mama Cherehani alikaa naye juu ya gunia lilelile. Mwishowe Tingatinga alijipangusa uso kwa kitambaa chake.

"Huyo muuguzi," alisema, "anafundisha lini?"

Walifundishwa sebuleni kwa Sista. Mama Cherehani alishona mtu wa kitambaa, mwenye kichwa, kidevu na kifua. Spoki alijaza kifua kwa mipira ya ndani ya matairi, ili ukikandamiza kizame na ukiachia kirudi. Wasichana wote wa Sindano walikuja. Tingatinga alikuja na wasichana wa sokoni, nao walikuwa wamesikia habari na walitaka timu yao irudi.

Sista alipiga magoti.

"Kwanza, kama mko mahali pa hatari, mwondoeni hapo haraka. Mwite kwa sauti, mtikise bega. Haitiki? Hapumui? Mmoja apige simu hospitali papo hapo. Mwingine aanze kazi. Kiganja katikati ya kifua. Mkono wa pili juu yake. Viwiko vimenyooka. Shuka na uzito wako wote."

Mama Cherehani alijaribu. Aligusa kama anayepiga pasi hariri.

"Hapo unampapasa," Sista alisema. "Kandamiza!"

"Nitamvunja mbavu!"

"Mbavu huunga. Maiti haiungi. Kandamiza!"

"Mwendo gani?"

"Haraka. Kama unavyopiga pedali wakati shule zinafunguliwa kesho na sare za watu hazijaisha."

Mwendo huo Mama Cherehani aliujua vizuri. Kifua cha mipira kikaanza kuruka.

"Sasa umepata. Mara thelathini. Kisha inua kidevu, bana pua, mpulizie pumzi mbili. Rudi kifuani. Ukichoka, mwenzako anapokea. Msiache mpaka apumue, au mpaka watu wa hospitali wafike."

Tingatinga alipopewa zamu, kichwa cha yule mtu wa kitambaa kilichomoka. Hata Sista alicheka.

Jioni hiyo Mama Cherehani alimwita bintiye.

"Utacheza," alisema. "Ila siku nitakayosikia ngurumo na wewe bado uko uwanjani, nitaingia nikutoe kwa sikio, watu wote wakiona."

Jezi za njano zikashonwa.

Mechi ya kwanza ya Sindano na Mizani ilijaza uwanja wa shule. Wazee walikuja kukumbuka, vijana walikuja kushangaa. Sista hakuwepo. Alikuwa zamu hospitalini. Kabla ya mpira kuanza, Tingatinga alisimama katikati. Hakuhitaji kipaza sauti.

"Ngurumo ikisikika, filimbi inalia! Filimbi ikilia, kila mtu anaingia madarasani! Asiyetaka sheria hii aende nyumbani sasa hivi!"

Kipindi cha pili, bado hakuna aliyefunga, Sindano walipata penalti. Nyuki aliuweka mpira. Alirudi nyuma, akavuta pumzi. Mbali sana, kama mtu anayesukuma kabati kwenye nyumba ya jirani, ngurumo ikasikika.

Filimbi ikalia.

"Hapana!" Nyuki alilia. "Refa, jamani! Penalti tu!"

"Hata tone halijadondoka!" watu walipiga kelele. Wengine walizomea. Nyuki alimtazama mama yake aliyesimama kando ya mstari. Mama alishika sikio lake mwenyewe, akalivuta kidogo. Nyuki akakimbia kuelekea darasani huku machozi yanamtoka.

Wote waliingia. Walibanana kwenye madawati, wachezaji na watazamaji, Sindano na Mizani. Mvua ilikuja kwa kishindo. Radi ziliangaza madirishani. Watu walionung'unika walianza kunyamaza. Kisha mvua ikapungua, ikakatika. Jua likatoka. Nyasi zilimeremeta.

"Twendeni," mtu mmoja alisema.

"Bado," Mama Cherehani alijibu. "Ngurumo imelia sasa hivi tu. Nusu saa."

Spoki alikuwa amesimama mlangoni akichungulia. Baiskeli ya mteja aliiacha imeegemea mti, kule pembeni ya uwanja.

"Mke wangu, baiskeli ya watu inapata kutu."

"Ipate."

"Jua hilo hapo! Mnaogopa jua?"

Mama Cherehani aligeuka kumtuliza mtoto aliyekuwa akilia. Alipogeuka tena, mlangoni hapakuwa na mtu. Alimwona mumewe nje, anaruka madimbwi kwa miguu yake mirefu, karibu anaufikia mti.

"Baba Nyuki!"

Spoki aligeuka, akapunga mkono, akatabasamu.

Mwanga ukapiga. Kishindo kikaja pamoja nao, vioo vya madirisha vikatikisika. Watu walijitupa chini. Moshi mwembamba ulitoka kwenye mti. Gome lake lilikuwa limechanwa toka juu mpaka chini. Spoki alikuwa amelala kifudifudi, hatua chache kutoka kwenye shina. Kiatu kimoja kilikuwa kimetupwa mbali, kimepasuka.

Kisha kelele zikaanza, watu wakisongamana mlangoni.

"Usimguse! Jamani, mtu asimguse! Bado ana umeme!"

Yalikuwa maneno yaleyale. Kwa kitambo kidogo Mama Cherehani hakujua yuko siku gani. Alikuwa binti tena, nyasi mdomoni, anasubiri mtu ambaye hainuki.

Mkono mzito ulimshika bega.

"Ukuta," Tingatinga alimwita kwa jina la zamani. "Twende."

Wakatoka mbio. "Wengine bakini ndani!" Tingatinga alinguruma bila kugeuka. Walimfikia. Tingatinga hakusita. Alimshika Spoki kwapani kwa mikono yote miwili, Mama Cherehani akashika miguu. Wakamkimbiza mpaka darasani, wakamlaza sakafuni.

"Baba Nyuki! Baba Nyuki!"

Hakuitika. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Kifua hakikupanda wala kushuka.

"Nyuki! Simu!"

"Nawapigia, mama! Nawapigia!"

Mama Cherehani aliweka kiganja katikati ya kifua cha mumewe. Mkono wa pili juu. Viwiko vikanyooka. Akashuka.

Kitu kilivunjika chini ya mikono yake. Mtu mmoja alipiga ukelele, "Unamuua!" Hakusikia, au alisikia akapuuza. Wasichana wa Sindano walianza kuhesabu kwa sauti, na wale wa Mizani wakaitikia. Ilipofika thelathini, Tingatinga aliinua kidevu, akabana pua, akapuliza. Kifua kikainuka. Akapuliza tena. Mama Cherehani akarudi. Jasho lilimwagika usoni kwa mumewe. Walibadilishana. Wakabadilishana tena. Mikono iliwaka moto. Wazee waliokuwa nyuma walikuwa wameshaanza kuomba dua za maiti.

"Nyamazeni nyie!" Tingatinga alifoka. "Huyu hajafa!"

Na hapo Spoki akakohoa.

Kikohozi kilikuwa kidogo, kibaya, kama cha paka. Kisha akavuta pumzi ndefu iliyokwaruza. Darasa zima lilipigwa na butwaa. Hakuna aliyeshangilia. Walikuwa wameona mtu amelala hana pumzi, na sasa wanamwona anapumua, na macho yao yaligoma kuamini. Mtu aliyekuwa amepiga kelele "Usimguse" alikaa chini taratibu, akaficha uso kwa mikono.

Gari la hospitali lilipofika, Sista alishuka wa kwanza. Alipima mapigo ya Spoki, akamtazama Mama Cherehani. Akamkumbatia.

Spoki alilazwa. Ngozi ya mguu ilikuwa imeungua na sikio moja lilipasuka ndani, hivyo kwa muda mrefu alizungumza kama anayeita mtu ng'ambo ya mto.

"MKE WANGU KANIVUNJA UBAVU!" aliwaambia wageni wote waliokuja kumjulia hali. "UBAVU HUU HAPA! MSINICHEKESHE, UNAUMA!" Kisha alitulia. "Mvua ilikuwa imekwisha," alisema siku moja, akimtazama Sista kwa haya. "Nilidhani nimeizidi radi akili." Habari za radi iliyoandikiwa mtu hakuzisema tena.

Mechi ilirudiwa. Nyuki alipiga penalti yake, golikipa wa Mizani akaipangua, na watu wakacheka mpaka machozi. Lakini hakuna aliyezomea filimbi tena. Timu za wanaume nazo ziliomba kufundishwa. Shule iliweka kengele maalumu ya ngurumo. Mtu wa kitambaa alihama sebule hadi sebule, akashonewa kichwa kipya mara kwa mara.

Palibaki nyumba moja ambayo hawakuwa wameingia. Mama Cherehani na Tingatinga waliiahirisha wiki baada ya wiki. Siku moja walikwenda.

Mama yake Sumaku alikuwa mzee sana. Aliishi na mjukuu katika chumba chenye dirisha dogo. Alitandika mkeka, wakaketi. Walipomaliza salamu, walimweleza yote, wakipokezana maneno.

Mzee alisikiliza mikono ikiwa mapajani.

"Kwa hiyo hakuna aliyemwendea mwanangu kwa mganga?"

"Hakuna, mama."

"Nimewalaani watu wengi," alisema. "Kila siku. Sokoni, kiwandani. Watu ambao hawakufanya lolote." Alitikisa kichwa polepole. Kisha akauliza lile waliloliogopa. "Na mngemgusa, angepona?"

Tingatinga aliinamisha uso. Mama Cherehani ndiye aliyejibu.

"Huenda, mama. Huenda angepona. Hatukujua."

Mzee aligeuka kutazama dirishani. Nje watoto walikuwa wanapiga mpira ukutani. Alionekana kama amewasahau wageni wake. Mama Cherehani alijiandaa kufukuzwa, na aliona ni haki.

"Na huyo mumeo," mzee alisema mwishowe. "Yeye mlimgusa."

"Tulimgusa."

"Yu hai?"

"Yu hai, mama. Anapiga kelele mtaa mzima."

Mzee alijikongoja, akapiga magoti juu ya mkeka. Alivuta mto wake kutoka kitandani, akauweka mbele yao. Akanyoosha mikono yake miwili, mikavu, yenye mishipa.

"Haya," alisema. "Nionyesheni. Inawekwa wapi?"